Mlinda Kimya wa Studio ya Kuze

Saltley, Birmingham
Jumapili, 16 Januari 1972

Mke wangu Nunu,

Leo ni tarehe kumi na sita Januari, na mwaka wa tano unakwenda tangu nipande meli pale Kilindini nikakwambia naenda mwaka mmoja tu. Nakusalimu wewe kwanza, kisha namsalimu kaka Shebwana anayekusomea barua hii, na namwomba asiruke mistari kama ilivyo desturi yake.

Mimi mzima, ila nimechoka. Kazi ni ile ile ya kiwanda cha chuma. Nyundo ya mashine inapandishwa juu kama nyumba, ikishuka sakafu inaruka na meno yanagongana. Nikitoka jioni kichwa kinaendelea kupiga peke yake. Pritam, Singasinga tunayefanya naye zamu moja, analalamika kwamba siku hizi nina maringo, ananiita siitiki. Hata redio niliyonunua Alum Rock Road imeharibika. Inanong'ona kama mtu anayesema huku amefunikwa mto. Nitaibadilisha.

Nimetaja redio kwa sababu Jumapili iliyopita nilipanda basi nikaenda Edgbaston kuliangalia jumba lao jipya la redio na televisheni. Vioo vitupu, Nunu. Nikasimama langoni kama mtu aliyekuja kuposa. Bawabu akatoka akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia sitafuti mtu, mimi pia nilikuwa mtu wa studio kwetu, nataka kujua tu, mvua ikinyesha wanaweka nini juu ya paa isisikike hewani? Akanitazama toka kofia hadi viatu. "Hii zege, bwana," akasema. "Mvua haina habari nayo." Akacheka, nami nikacheka, nikarudi zangu.

Lakini ndani ya basi niliikumbuka studio yetu ya Kuze mpaka nikapitiliza kituo. Unakumbuka? Nyumba ya mawe yenye mlango unaolia, na kila jioni kabla ya kipindi mimi naupaka mafuta ya nazi kwenye bawaba. Kuta tumezitandika magodoro ya sufi. Juu mabati, na juu ya mabati nimeezeka makuti, ili mvua ishuke kwa adabu. Nilikuwa nasimama katikati ya chumba nimefumba macho, nasikiliza. Kunguru juu ya paa, nampigia makofi. Muuza kahawa chini barazani anagonga vikombe, natoa mkono dirishani, anajua, ananyamaza. Kisha ndio namwambia Mwinyihaji, "Tayari," naye anawasha ile taa nyekundu na kuanza kutangaza. Wenyewe waliniita mlinda kimya. Sikuwa na cheo kingine, wala sikukitaka.

Na siku ile mlipokuja kuimba, kundi lenu la akina mama. Mkono wako ulikuwa na bangili mpaka karibu na kiwiko. Nikakwambia, "Dada, samahani, hizo zitalia, zivue." Ukazivua moja moja, hukuniangalia, ukanishikisha zote. Nikasimama nazo wimbo mzima. Sikukohoa, sikuhema, maana ningetikisika zingelia na ningekuharibia. Mikono ilikufa ganzi. Mpaka leo nikisikia baridi ya huku vidoleni nadhani ni zile bangili.

Nunu, nakuomba kitu. Mwinyihaji anayo mashine ya tepu. Mwambie akurekodi ule wimbo, pale pale studio, unitumie. Nautaka sana. Usiniulize kwa nini sasa.

Nategemea kurudi mwezi wa Desemba, Inshallah.

Mumeo,
Ahmada Shee


Kuze, Mombasa
8 Machi 1972

Bwana Ahmada,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi mkeo Nunu, kwa mkono wa shemeji Shebwana. Barua yako imefika na imesomwa yote. (Mimi Shebwana nathibitisha, sikuruka hata mstari mmoja. Ile habari ya bangili niliisoma nimegeukia ukutani.)

Sote wazima. Mama mwenye nyumba ya jirani amefariki, Mungu amrehemu. Desemba unayoitaja tumeiandika. Na ile ya mwaka juzi tuliiandika, na ya mwaka jana. (Ameniamrisha niandike hivyo hivyo.)

Habari ya studio si nzuri. Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Atabomoa, ajenge maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Mwinyihaji na wenzake watahamia jengo la serikali kabla ya mvua za vuli, na wanasema huko hakuna haja ya makuti wala magodoro. Makuti yako tangu uondoke hakuna aliyeyageuza. Nilipita juzi nikayaona yameota majani.

Mwinyihaji amekubali. Nitakwenda Alhamisi alasiri, kabla hawajaanza kazi. Anasema atawasha mashine, atanionyesha pa kukaa, kisha atatoka nje aniache peke yangu. Tepu ataileta Darshana, binti wa duka la vitambaa la pale pembeni. Anakuja huko kuolewa, na mchumba wake yuko mji huo huo wako.

Mengine yaliyo moyoni nitayasema mwenyewe. (Hapa, ndugu yangu, nimemwambia karatasi haiumi, aseme tu mimi niandike. Amenijibu, "Shemeji, wewe andika salamu." Nami nimeandika salamu.)

Mkeo,
Nunu binti Msellem


Saltley, Birmingham
11 Juni 1972

Mke wangu Nunu,

Tepu nimeipata. Darshana aliniletea mwenyewe mlangoni, amevaa koti kubwa kuliko yeye, meno yanagongana, na huku ndio wanasema ni kiangazi. Nikamwambia karibu Ulaya.

Mashine niliiazima kwa Pritam. Alitaka kukaa asikilize. Nikamwambia, "Pritam, hii ni sauti ya mke wangu." Akainua mikono, akatoka, hata mlango akanifungia. Njoroge naye, yule mwanafunzi wa Kikikuyu anayepanga chumba cha juu, aliniona napandisha mashine ngazi akauliza, "Mzee Ahmada, tunacheza santuri leo?" Nikamwambia aende akasome vitabu vyake.

Basi nilifunga pazia nikakaa kitandani. Nikaweka mkono juu ya kile kitambaa cha spika. Ilitetemeka, Nunu, ikatulia, ikatetemeka tena. Umeimba vile vile. Wimbo ule umeniliza, sioni haya kukwambia. Pale mwisho unapopunguza sauti taratibu mpaka inakwisha, ni kama siku ile ile nimeshika bangili. Nimeirudia mara nyingi. Moyo wangu sasa umetulia, sina wasiwasi wowote. Ukipata nafasi kabla hawajahama, niimbie mwingine.

Hapa kazi ni ile ile. Desemba naona itakuwa vigumu, msimamizi hatoi ruhusa ndefu. Labda mwakani, Mungu akipenda.

Msalimie kaka Shebwana.

Mumeo,
Ahmada


Kuze, Mombasa
29 Agosti 1972

Ndugu yangu Ahmada,

Nakuandikia mimi Shebwana, kwa niaba yangu mwenyewe. Mkeo hayupo nyumbani kwangu.

Barua yako ya mwezi wa sita nilimsomea baada ya chakula cha jioni. Nilipofika pale pa wimbo akaniambia, "Rudia, shemeji." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia. Kisha akacheka, cheko ambalo sikulipenda, kikombe kikamponyoka, chai ikamwagika mkekani na hakuifuta. Wewe unamjua Nunu. Tangu lini akaacha chai mkekani?

Nikamuuliza, "Kwani umemwambia nini huko kwenye tepu?"

Akasema, "Nimemuuliza swali."

"Na hili si jibu?"

"Ndilo jibu, shemeji. Limefika."

Asubuhi alifunga nguo zake, akamuaga mke wangu, akaenda Takaungu kwa shangazi yake Mwanasiti. Ndugu zake wa kiume wamekuja hapa, wameongea na mimi kwa heshima, lakini maneno yenyewe hayakuwa na heshima. Wanasema umemfanyia mzaha. Wanasema wamesikia una mke Mzungu huko. Baada ya Idi watampeleka kwa kadhi adai talaka, na yeye hakusema la.

Ahmada, miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa mkono wake na macho yake, na neno hili alinificha. Basi ni neno zito. Alikuuliza nini, nawe ukamjibu kwa kumsifu sauti? Nijibu mimi, kama yeye huwezi. Barua za Takaungu usitume, wale ndugu zake ndio wanaochukua posta, hataziona.

Kaka yako,
Shebwana Shee


Saltley, Birmingham
Jumapili, 17 Septemba 1972

Rafiki yangu Mwinyihaji,

Miaka mingi hatujaandikiana, na sasa nakuja na shida. Wewe ndiye uliyemwashia Nunu mashine, ukatoka nje, ukampa siri yake. Nakushukuru kwa hilo, ingawa limeniangamiza.

Nitakwambia wazi. Mimi sisikii. Kiwanda kimenimaliza masikio. Ilianza kama mbu, halafu maneno yakaanza kukatika, na tangu mwaka juzi mtu akiwa nyuma yangu ni kama hayupo. Wewe unanijua nilivyokuwa. Nilikuwa nasikia kandambili ikipanda ngazi ya pili wakati wewe huku umekaa na mashine zako husikii kitu. Nani atamwandikia mkewe kwamba mtu yule amekwisha? Nikasema nitapona. Nikasema redio imeharibika. Nimebadilisha redio tatu.

Niliutaka ule wimbo kabla giza la masikio halijafunga kabisa. Ilipofika tepu nikakuta limekwisha funga. Nikaweka mkono juu ya spika nikaona inatetemeka, nikasema huo ndio wimbo, si ndio nilioomba? Na wimbo ule mimi naujua, ukawa unaimba kichwani mwangu wenyewe. Nikaandika kwamba nimesikia. Njoroge yuko chumba cha juu, Kiswahili anakijua, ningemwita tu. Lakini nitamwekaje kijana wa watu kusikiliza sauti ya mke wangu chumbani kwangu? Niliona haya. Haya hiyo ndiyo iliyoniponza.

Barua ya Shebwana ilipofika nilikaa siku nzima sili. Kisha nikamkumbuka Zilpah. Ni dada wa kutoka Taita, nesi katika hospitali moja kule Sutton Coldfield. Mwaka jana niliungua mkono, yeye akanifunga. Aliniuliza kitu kwa Kiswahili yuko nyuma yangu, mimi kimya. Akazunguka mbele, akanishika kidevu kama mtoto. "Baba, wewe husikii," akasema. Ni yeye peke yake aliyejua. Na ni mwanamke, kwa hiyo nikaona kwake naweza.

Nikaibeba ile mashine kwenye basi mpaka bwenini kwao. Tukakaa chumba cha wageni. Aliweka waya sikioni, akaanza kusikiliza anatabasamu. Mara tabasamu likaondoka. Akasimamisha.

"Baba Ahmada, huu si wimbo."

"Ni nini?"

"Anaongea. Na haya ni ya mke na mume, mimi siwezi kuyasema."

Nikamwambia, "Binti yangu, usiposema wewe, sina tena mke wa kuniambia."

Basi akanigeukia nione midomo yake, akatua kila mwisho wa sentensi, na neno nisilolishika akaliandika kwenye bahasha. Nunu alisema hivi. Kwamba amevua bangili kabla ya kusema na hakuna wa kumshikia, ameziweka sakafuni. Kwamba hakuja kuimba, hajaimba tangu niondoke. Kwamba hataki neno hili lipite kwenye mkono wa shemeji yake. Watu wanamwambia nina mke huku, na yeye hataki kujua kama nina mke. Anataka kujua kitu kimoja. "Ahmada, unarudi au hurudi? Kama hurudi niachilie, sitakuwa na kinyongo, nitasema ilikuwa riziki. Mungu hakutupa mtoto wa kutufunga, tumefungwa na neno tu. Kama unarudi, niambie. Lakini usinijibu habari nyingine. Nijibu hili tu." Halafu, akasema Zilpah, ananyamaza muda mrefu, husikii ila pumzi yake na kunguru juu ya paa. Kisha anasema, "Kunguru wako huyo. Hakuna wa kumfukuza."

Nami nikamjibu, niimbie mwingine.

Mwinyihaji, barua haitamfika. Lakini kipindi chako cha salamu hajakikosa tangu tuoane, na Takaungu kinasikika. Nakuomba unisomee salamu hizi hapa chini, hewani, kabla ya Idi, kabla hamjahama. Zisome pale pale studio. Najua mji mzima utasikia. Najua vijana wa barazani watasema mlinda kimya sasa kimya kinamlinda yeye. Waache waseme. Soma kama nilivyoandika, usinipambie.

"Salamu kutoka kwa Ahmada Shee, aliyekuwa mlinda kimya wa studio hii, sasa yuko Birmingham, Uingereza. Zimfikie Nunu binti Msellem popote alipo. Zimfikie pia kaka Shebwana, shangazi Mwanasiti, mashemeji wote, na muuza kahawa wa chini. Ujumbe: Nunu, tepu yako niliipokea lakini sikuisikia, kwa sababu nimekuwa kiziwi. Niliona haya kusema. Nilikujibu kwa kubahatisha, sikukufanyia mzaha. Huku sina mke. Swali lako sasa nimelisikia kwa masikio ya watu. Jibu ni moja: narudi."

Rafiki yako,
Ahmada


Kuze, Mombasa
6 Oktoba 1972

Mlinda kimya,

Salamu zako nimezisoma, juzi Jumatano, na ilikuwa jioni ya mwisho ya studio ya Kuze. Nilizichelewesha makusudi. Nilitaka ziwe neno la mwisho kutoka chumba kile.

Sasa sikia, au tuseme ona. Nimekaa, nimewasha taa nyekundu, nimeanza kadi za kwanza, za Bwana na Bibi fulani wa Changamwe, mara mvua. Si mvua ya kuomba ruhusa. Makuti yako yamekwisha oza, maji yakashuka kwenye mabati kama kokoto. Ningeweka sahani ya santuri tungojee, ndiyo kanuni, wewe unaijua. Nilishika sahani mkononi. Nikaiangalia barua yako. Nikafikiri, yule mama yuko Takaungu amekaa mbele ya redio, tukiweka muziki pengine ataondoka. Nikairudisha sahani, nikasogea mpaka midomo ikagusa kipaza sauti, nikasoma huku mvua inapiga. Nilisoma mara mbili. Mara ya pili fundi mitambo aligeuka akanipa mgongo, nikajua analia. Mtu mzima yule, ana wajukuu.

Kesho yake, hakuna aliyecheka, nakuapia. Muuza kahawa alipanda juu, mara yake ya kwanza miaka yote hii kupanda zile ngazi. Akasimama mlangoni na vikombe vyake, akauliza, "Ni kweli yule hasikii?" Nikasema kweli. "Basi hata nikigonga haitamfaa kitu," akasema, akashuka. Siku ile hakugonga kabisa, aliuza kahawa kimya kimya kama msiba.

Nunu sina habari zake. Takaungu hakujatoka neno. Ndugu zake niliwaona sokoni, wamenisalimia, lakini juu ya jambo lako walifunga midomo. Subira.

Leo wamebeba mashine. Magodoro waliyatupa uani, sufi ikaruka mtaa mzima, watoto wanasema theluji, theluji, na hakuna aliyewahi kuiona. Nilibaki peke yangu chumbani. Bila magodoro kuna mwangwi. Nikasema jina lako, Ahmada, nyumba ikalirudisha. Nimeona nikwambie.

Wako,
Mwinyihaji


Takaungu
20 Novemba 1972

Ahmada,

Anayeandika ni shangazi Mwanasiti, aliyefundishwa kusoma na wamisheni na mpaka leo watu wanamsema. Ndugu zangu hawaijui barua hii, na hata wakiijua haidhuru. Jibu lipitishe kwa shemeji Shebwana.

Nilisikia. Redio ilikuwa kwenye kibaraza kwa shangazi, mvua inanyesha kwako Kuze na huku kwetu jua. Nikasema, mvua gani hii ndani ya redio? Halafu nikajua ni paa lako. Kisha nikasikia jina langu.

Kumbe kiziwi! Ahmada, sauti yangu hii imeimba redioni, pwani nzima imeisikia, wavuvi, mahabusu, wake wa makadhi, wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unasema tayari. Leo, kwa barua yako aliyonisomea Mwinyihaji nilipokwenda Kuze, umemwonea haya mwanafunzi mmoja wa Kikikuyu! Hiyo heshima yako nusura inipeleke kwa kadhi nikiwa na hina ya Idi mkononi. Shangazi ananiambia nisiandike kwa hasira. Nimemwambia hii si hasira.

Nililia vizuri kwanza, ndipo nikakasirika. Nakwambia kwa mpangilio wake.

Kwa kadhi sikwenda. Niliwaambia ndugu zangu, kwenda kwa kadhi kunahitaji mtu aliyekataa, na huyu hakukataa, huyu hakusikia. Wakasema narudi si jibu, kila mwaka anarudi. Ni kweli. Nawe usiniandikie tena mwakani Mungu akipenda. Mungu amekwisha penda, umebaki wewe. Taja mwezi, na utaje siku, kama watu wanaotaka kuja wanavyotaja.

Nilikwenda Kuze baada ya Idi kuchukua vitu vyangu kwa shemeji. Nyumba ya studio haina paa. Wameacha kuta mbili na ule mlango. Nikausukuma. Unalia mpaka mtu anaona haya.

Umeniomba wimbo. Wimbo hautumwi tena kwa tepu, tumeona faida yake. Njoo. Nitaimba, nawe utaweka mkono hapa, penye koo, badala ya kwenye spika ya Singasinga. Shangazi anacheka, anasema hili haliandiki. Nimemwambia aandike, maana wewe mambo huyapati mpaka uandikiwe.

Nunu


Saltley, Birmingham
Jumapili, 10 Desemba 1972

Nunu wangu, na shangazi Mwanasiti, shikamoo,

Barua yenu imo mfukoni mwa shati, nimekwenda nayo kazini hata imeshika rangi ya chuma.

Nilimwita Njoroge asome tena, nione kama nimeelewa sawasawa. Alifika kwenye koo, akakunja karatasi. "Mzee," akasema, "hapa soma mwenyewe." Tumecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Njoroge ndiye aliyeniambia kwamba amegonga.

Kiwandani nimeaga. Msimamizi alisema maneno marefu, nikamwambia sisikii, akasema basi, akanipa mkono. Pritam anataka kunipa ile mashine nije nayo. Nimemwachia. Zilpah anakusalimu. Anasema yeye ndiye shahidi wako, na siku nikikuudhi umwandikie.

Kuhusu masikio, daktari wa huku ameangalia, ametikisa kichwa. Nakwambia sasa ili usije ukangojea mtu mwingine. Anayekuja ni kiziwi, mwenye mvi, na kikohozi cha kiwanda. Kimya cha kulinda sina tena, ninacho bila kukilinda. Kazi nitatafuta. Paa najua kuezeka, na mvua bado inanyesha Mombasa.

Ule mlango usiutie mafuta. Kama watauacha mpaka nifike, nataka kuweka mkono juu yake ukilia.

Na siku yenyewe, Nunu, usiniite kwa nyuma, nitakupita kama nisiyekujua, watu waseme nimebadilika. Simama mbele, mahali nitakapouona uso wako. Vaa bangili zote mpaka kiwiko. Usizivue.

Ndege itanishusha Nairobi, na treni ya usiku itanifikisha stesheni ya Mombasa asubuhi, Jumamosi, tarehe tatu Machi.

Mumeo,
Ahmada